Kifutio Hakufuta

Mjukuu wangu tulimpa jina la Kifutio akiwa darasa la pili. Alikuwa akiandika neno moja anafuta, anaandika tena, anafuta, mpaka karatasi inatoboka, na ukichungulia kwenye tundu unasoma neno la ukurasa wa chini. Mama yake alimnunulia vifutio vitatu kwa muhula na vyote viliisha kama sabuni. Si kwamba alikosea sana. Alitaka tu kila herufi isimame kama alivyoiona kichwani mwake.

Mwaka huu aliingia kidato cha kwanza. Sketi ilimfika karibu na vifundo vya miguu kwa sababu mama yake alisema atarefuka, na mikono ya sweta aliikunja mara mbili. Wiki ya tatu, akishuka ngazi za maabara na ndoo ya maji, aliteleza akavunjika mkono wa kulia, tena mahali pawili. Walimfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Daktari akasema wiki saba.

Siku aliyorudi shuleni alikuja nyumbani na barua ya mwalimu wa darasa, ambaye ndiye pia aliyewafundisha baiolojia. Ilikuwa barua fupi. Mtihani wa muhula ungefanyika wiki moja kabla ya plasta kutolewa, na asiye na madaftari yaliyokamilika hataingia kwenye chumba cha mtihani. Mwanafunzi aliyeumia anashauriwa akae nyumbani apone, aanze kidato cha kwanza upya mwakani.

Kifutio aliisoma mara mbili, akaiweka mezani na kuilalia kwa kiwiko chake kizima.

"Bibi, hao wa mwakani sasa hivi wako darasa la saba," alisema. "Mmoja namjua. Bado ananyonya kidole."

"Basi mtanyonya pamoja. Wewe vyako vimebaki vitano."

Kwa kawaida nikimtania hivyo hunirudishia. Siku ile alitazama tu zile kurasa za madaftari yake zilizokuwa nyeupe tangu wiki ya tatu, nami nikaelewa kwamba utani ungoje.

Aliyetusaidia ni jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Redio. Akiingia getini unamsikia ukiwa jikoni, na akiondoka nyumba inakuwa kama umeme umekatika. Kila alasiri alipita kwetu, akaacha madaftari yake, akaja kuyachukua asubuhi akienda shule. Kazi ya kunakili niliichukua mimi.

Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu kinatosha salamu, tena ya asubuhi tu. Lakini nimetarizi maneno kwenye foronya na vitambaa vya meza kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu huniletea maneno ya lugha wanazozijua wenyewe, nami nafuata umbo. Nilikaa dirishani mchana ukiwa bado na nuru, daftari la Redio kushoto, la Kifutio kulia, nikafuata umbo. Nukta kwa nukta. Palipokatwa nilikata. Palipopigiwa mstari nilipiga, tena kwa rula, wa kalamu nyekundu.

Kifutio alikaa kando yangu akisoma kwa sauti kila mstari niliomaliza, kisha ananieleza kwa maneno ya nyumbani. Alinionyesha seli ya mmea, nami nikamwambia hilo ni tofali lenye yai ndani.

"Hilo yai ni kiini, bibi. Ndilo linaloamuru vyote."

"Kama mama yako."

"Mama ni ukuta. Mgumu, na wote tumo ndani yake."

Hapo alicheka. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, mkono unamuwasha ndani ya plasta asipoweza kukuna, na anamfundisha mzee baiolojia bila kuchoka. Nikiuliza jambo lile lile mara ya tatu, alilieleza mara ya tatu kwa sauti ile ile. Sijui uvumilivu ule aliutoa wapi. Mama yake hana.

Siku hizo hizo nilianza kukuta michirizi ya chaki nyuma ya mlango wa stoo, usawa wa kifua cha mtoto. Nilidhani mjusi alipita na chokaa miguuni. Nilifuta kwa kitambaa, kesho yake ikarudi, na pembeni yake kulikuwa na weupe mwingi kama wa mtu aliyefuta kwa kiganja. Wiki ikapita, michirizi ikaongezeka na weupe ukapungua. Sikulitia maanani. Nilikuwa na madaftari tisa ya kunakili.

Yalikamilika yote siku nne kabla ya mtihani. Kifutio akayapeleka. Kesho yake niliitwa shuleni.

Ofisi ya mwalimu ilikuwa chumba chembamba chenye makabati mawili, meza, na ubao mdogo ukutani ulioandikwa ratiba, pembe moja ikiwa tupu. Mwalimu alikuwa mtu mnene mwenye uso mpole. Mkanda wake ulikuwa umeteremka chini ya tumbo kiasi kwamba ulionekana tu aliposimama kunisalimu. Kifutio alisimama karibu na mlango.

"Shikamoo, bibi. Mwandiko huu ni wa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wangu."

"Ni mzuri kuliko wangu." Akageuza daftari nilione. "Na hapa pembeni, unajua umeandika nini?"

"Sijui. Nilikikuta, nikakinakili."

Alisoma kwa Kiingereza, kisha akanitafsiria bila haraka. "Mkanda wa mwalimu umechoka kubeba mzigo. Unaomba likizo."

Nilitazama sakafu. Nilikumbuka siku ile. Kifutio alikuwa amekwenda kupigwa picha ya mkono, nikanakili peke yangu. Maneno yale nilidhani ni kichwa cha habari, ndiyo maana niliyapigia mstari mwekundu mara mbili.

Mwalimu akamgeukia mjukuu wangu. "Nani aliandika haya kwanza?"

"Simtaji, mwalimu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Nilipoyaona, bibi alikuwa ameshayaandika kwa wino, hayafutiki. Na nilicheka. Hilo ni kosa langu."

Mwalimu alifunga daftari. Akalipigapiga kwa kidole.

"Mkanda tuuache. Shida yangu ni hii. Madaftari yamekamilika, ila aliyeyakamilisha ni bibi. Wewe nitajuaje una nini kichwani? Na huo mtihani utauandika kwa mkono gani?"

Kifutio alikwenda kwenye ubao, akachukua chaki kwa mkono wa kushoto, akaanza kuchora kwenye ile pembe tupu.

Alichora tofali lenye yai ndani. Mistari ilitetemeka kama uzi uliochomoka kwenye kibiringo, lakini ilifika ilikotakiwa kufika na ikakutana. Akavuta vijimshale, akaanza kuandika majina, herufi moja moja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Zile herufi nilizijua. Nilikuwa nimezifuta nyuma ya mlango wa stoo kwa zaidi ya mwezi mzima, nikimlaumu mjusi.

Kwenye jina la tatu herufi moja ilitoka imegeuka nyuma mbele. Aliiona. Nilimwona anaiona. Mkono ukashuka kwenye kifutio cha ubao, ukakishika, nami moyoni nikasema basi, tutalala hapa, maana ninamjua.

Akakiacha.

"Hiyo imegeuka, mwalimu," alisema. "Najua. Nikianza kufuta, muda utaisha." Akaendelea na jina la nne.

Alipomaliza, mwalimu alimuuliza ukuta una kazi gani, kiini kina kazi gani, na kwa nini seli ya mnyama haina ukuta. Alijibu yote kwa Kiingereza, mimi nikisikia tu jinsi sauti ilivyozidi kunyooka. Mwalimu alisimama akautazama ubao kwa muda, mikono kiunoni, karibu na ule mkanda.

"Utaingia," alisema. "Nitakuongezea nusu saa kwa ajili ya mkono. Maksi sikuongezei hata moja."

"Sitaki maksi, mwalimu. Nataka nusu saa."

Kisha akafungua tena lile daftari, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha kitu pembeni.

"Neno la mkanda lina herufi moja pungufu, bibi."

"Nilinakili kama nilivyokuta, mwanangu."

"Najua. Mwambieni huyo asiyetajwa ajifunze kuandika jina la kitu kabla ya kukisema." Alitufungulia mlango. "Na apunguze sauti. Inafika mpaka ofisini."

Redio alipoambiwa habari hiyo alinyamaza alasiri nzima, jambo ambalo halijatokea tena.

Mtihani aliufanya kwa mkono wa kushoto. Baiolojia alipata sitini na moja. Karatasi aliniletea niione, na kweli ilikuwa kama kuku wamepita baada ya mvua. Palipokosewa palikatwa kwa mstari mmoja, sentensi ikaendelea mbele. Nilitafuta tundu kurasa zote nne, sikuona hata moja.

Plasta imetolewa sasa na anaandika kwa kulia, ingawa akisahau utamkuta amekamata kijiko kwa kushoto. Kile kifutio kipya alichonunuliwa kwa ajili ya mtihani kiko kwenye droo ya meza yangu ya kutarizia. Bado kina pembe zake zote.