Kamera Mbili Haijaachiwa

Anande alikuwa fundi wa kurusha picha, na kwa kazi hiyo hapa Arusha hakuna wa kumtambia. Lakini Jumapili ile ya kipaimara, nje ya kanisa la Kilutheri kwenye miteremko ya Meru, aliishika risiva akaiacha, akaishika tena akaiacha.

Risiva ndiyo inayopokea picha kutoka kwenye kamera isiyo na waya. Hans, mpigapicha mpya, alikuwa kanisani na kamera mpya, na kamera hiyo ilitaka masafa mengine ya redio na fremu hamsini kwa sekunde. Kazi ya kubonyeza vitufe tu. Chini ya hema lililofungwa uani, wazazi waliokosa nafasi kanisani waliikodolea macho skrini nyeusi.

"Dada Anande, bado tu?" Hans aliuliza kwenye hedfoni.

"Bado. Tulia."

Angesemaje? Mipangilio iliyokuwamo ilikuwa ya Ephraimu, mumewe. Anande aliiweka kwa mkono wake asubuhi ya mbio za baiskeli mwaka jana, kabla pikipiki iliyombeba mumewe na kamera yake, kamera namba mbili, haijateleza kwenye kona. Kamera ilisagika, mume akazikwa. Tangu hapo Anande hakuigusa mipangilio hiyo, kazi zote akizifanya kwa kamera za waya. Wajane wengine hutunza shati, yeye alitunza masafa. Anayetaka kucheka acheke, hajafiwa.

Hatimaye akafungua menyu. Kabla hajabonyeza, skrini ndogo ya risiva ikawaka.

Kisogo. Kisogo cha mwanamke, nywele za twende kilioni zilizoanza kufumuka, kola ya kitenge cha kijani. Anande akapapasa kola yake. Akageuka: migomba tu. Akarudisha macho. Kisogo kiko palepale, kimelengwa na mkono aliokuwa akiujua, ule usiotikisika.

Ndipo akaelewa, na kuelewa kukamuuma kuliko hofu. Katika kazi yao mpigapicha hashushi kamera mpaka fundi amwambie "nimekuachia", hata mvua inyeshe. Siku ile wote walikimbilia kwenye ajali, Anande wa kwanza, hedfoni akaitupa huko. Ephraimu hakuambiwa neno hilo na mtu. Na alivyokuwa mshika utaratibu yule, bado alikuwa kazini.

Alitamani kumwacha hapohapo. Mungu amsamehe, alitamani kweli, apate pa kumwona. Lakini bega gani linabeba kamera mwaka mzima bila kupumzika?

"Dada, watoto wanaitwa madhabahuni!"

Akabonyeza kitufe cha kuongelea. "Kamera mbili," akasema, akaishia hapo, akaanza upya. "Kamera mbili, nimekuachia. Pole na kazi, mume wangu."

Kisha Hans akasema polepole, "Dada, leo kamera mbili hatuna."

Picha ikayumba, ikashuka taratibu kama inavyoshuka kamera ikitolewa begani. Ikaonyesha majani, na viatu vyeusi alivyozikwa navyo. Halafu giza.

Anande akabadilisha masafa, akaweka fremu hamsini. Skrini ya hemani ikajaa watoto, na vigelegele vikapigwa.

Jioni Hans alimrudisha kwake Sombetini, gari limejaa vyombo vya kazi. Walikuwa wanakaribia soko la Kilombero wazo lilipomshika: mtu aliyeachiwa kazi huenda wapi, kama si nyumbani kwake? Akaogopa mpaka meno yakagongana.

"Simama hapo," akamwambia Hans. "Ninunue nyama."

Akanunua ya watu wawili.