Plasta ya Gunga

...yote itolewe, anasema, plasta yote ya simiti, kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti, na anaugonga ukuta polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, huyu Bi Fadhiya mchoraji wa majengo, vumbi linadondoka naye analikinga kwa kiganja, lisiangukie mahali watakapokaa watoto kesho, nami nimejibana kwenye dawati la mwanangu Purity, sisi wazazi wote tumejibana hivi, natazama ukuta wa Gunga, siku tatu aliupiga plasta bila kulipwa, chokaa ya zamani ilikuwa ikimwagikia madaftari, na ni mimi niliyemwambia, baba Purity, wasaidie... "Mawe haya ya matumbawe yanataka chokaa," anasema Bi Fadhiya, "ukiyafunika kwa simiti unyevu hukosa pa kutokea, ukuta huoza," na nyumba za huku Mji wa Kale hazivunjwi, basi shule itabaki humu humu, ua wa katikati ufunguliwe, upepo upite bila feni, mvua iingie tangini, vizuri, nakubali vyote, lakini ule ukuta... "Fundi huyo alidhani anajenga choo," anasema mwalimu Kenneth, watu wanacheka, mama Awino hacheki, ananishika mkono chini ya dawati, yeye anajua, miezi saba tangu tumzike Gunga kule Kaloleni, alitumia mkono wa kushoto, mistari ya mwiko wake imelalia upande usio wa mafundi wengine, kila asubuhi nikimleta mtoto huigusa, nguo zake niliwapa ndugu zake, picha ni moja, kazi ya mikono yake niliyobaki nayo ni hii, na wataibandua... "Wanaokubali, nyanyueni mikono," na mikono inapanda, wangu bado uko kwa mama Awino, ukutani nyuma ya dawati kuna ukungu mweusi, nimeuona mara ngapi nikatazama kando, Purity likizo nzima Kaloleni hakukohoa hata mara moja, shule ikafunguliwa, juma moja tu, kifua kikaanza kulia, nikasema ni baridi, nikasema ni vumbi la njiani, Gunga angekuwa hai angeleta patasi leo hii, asingengoja mkutano, ni mimi ninayengoja... "Saba, nane," Bi Fadhiya bado anahesabu, nitanyanyua, lakini kwanza nitasimama niseme fundi huyo ni mume wangu, jina lake Gunga, aliwaonea watoto huruma, hakujua, na siku ya kubandua mniite, nyundo ya kwanza nipige mimi.