Mwenye Wimbo na Aitikie

Kabla jua halijatoa kichwa, ilisikika. Ilikuwa sauti kama bati linaloburuzwa juu ya jiwe. Ilipanda, ikapasuka, ikashuka, ikapanda tena, na umande ukadondoka majanini kabla ya wakati wake. Kisha nchi nzima ya Ubawani ikapiga mabawa, kwa maana hiyo ilikuwa sauti ya Mfalme, na sheria ilitaka ishangiliwe hata na waliokuwa bado usingizini.

Kurumbiza alipiga bawa moja tu. La pili lilikuwa limefunika mayai yake matatu, na hakuwa tayari kuyatia baridi kwa ajili ya kelele.

Mfalme wa Ubawani alikuwa Tausi. Maumbile yalimjalia kila kitu: shingo ya buluu, kishungi kichwani, mkia wenye macho mengi kuliko raia zake. Ilipofika zamu ya sauti, yaelekea ghala lilikuwa limefungwa. Hilo lisingekuwa neno, kwa kuwa zamani hapakuwa na ndege aliyepimwa kwa sauti yake. Nyimbo zilikuwa za wote. Kila wimbo ulikuwa na mistari mitatu ya kurithi, na wa nne uliachwa wazi ili anayesikia atie wake. Aliyeuchukua wimbo aliruhusiwa kuupinda, kuunyoosha, kuupeleka arusini au matangani, kwa sharti moja, kwamba naye auache wazi kwa atakayefuata. Wimbo ulitoka kwa Njiwa ukiwa wa mapenzi, ukapita kwa Bata ukawa wa kuogelea, ukarudi kwa Njiwa asiutambue, akaupenda upya.

Hata mayai yalijua mila hiyo. Kifaranga wa Ubawani hatoki gandani kwa joto peke yake. Mama huimba mistari mitatu, kisha hunyamaza, na majirani humalizia. Ni mstari wa nne unaomtoa mtoto, kwa kuwa hapo ndipo anaposikia kwamba huko nje kuna wenzake.

Kulikuwa na mila nyingine, hii ya mzaha, ya kuwanyamazisha wenye majivuno. Ndege akijigamba kwamba wimbo fulani ni wake peke yake, aliambiwa: mwenye wimbo na aitikie. Yaani popote utakapoimbwa, kwa mvua na kwa jua, yeye ndiye atakayefuatwa autie mstari wa nne, na asitume mtu. Hakuna aliyewahi kukubali. Nani ana mbavu hizo?

Balaa lilianza siku ya sikukuu ya mtama. Mfalme alitia mstari wake katika wimbo wa wote, na kifaranga mmoja wa Kware akauliza, kwa wema kabisa, ni nani aliyekanyagwa. Watu wakacheka mpaka wakaanguka matawini. Kesho yake baraza likaitwa.

"Mimi sijapungukiwa na sauti," Mfalme alisema. "Nimepungukiwa na nyimbo. Zikiwa zangu zote, nani atajua zinavyopaswa kuimbwa isipokuwa mimi?"

"Isipokuwa mimi," akasema Kasuku, Waziri wa Nyimbo, aliyepewa cheo hicho kwa kipaji chake cha kukubali kabla ya kuelewa.

Kasuku akatunga sheria. Nyimbo zote zilizoimbwa, zinazoimbwa na zitakazowahi kuota zikawa mali ya Mfalme, na kuziimba au kuziitikia bila idhini yake kukawa kosa. Kunguru, mkuu wa askari, akaanza kazi kwa bidii. Kigong'ota alikamatwa kwa kugonga mti kwa mpangilio. Mto ulipewa onyo. Mvua iliamriwa idondoke ovyo ovyo, bila mapigo, na ilipokaidi, askari walisimama chini yake wakaitazama kwa ukali. Wachumba nao walilazimika kuelezana kwa maneno makavu. Dume alisimama mbele ya jike na kusema, "Hapa, lau ningeruhusiwa, ningepandisha sauti, kisha ningeitetemesha kidogo." Jike alisema asante, akaenda zake.

Yote hayo Kurumbiza aliyavumilia kwa matusi ya moyoni, mengine yakiwa na vina. Lakini sasa mayai yake yalikuwa yametimia. Mayai ya jirani yake mmoja yalikuwa yametimia mwezi uliopita, yakasubiri mstari wa nne, yakasubiri, mpaka yakanyamaza kabisa. Kurumbiza alipoweka sikio juu ya yai kubwa, alisikia kitu kikigonga kutoka ndani, polepole, kama mgeni anayeogopa kusumbua.

Alimwita Bi Kanga wa chini ya mti ampokee zamu. Bi Kanga alipanda kwa taabu, akajipachika kwenye kile kiota chembamba huku sehemu kubwa yake ikining'inia nje, akasema lolote litakalotokea yeye hajaona kitu. Kurumbiza akaruka moja kwa moja hadi barazani.

"Mtukufu," alisema, "mayai yangu yamefika. Naomba ruhusa, niimbe wimbo wa kuangua na majirani waniitikie."

"Wimbo gani huo?"

"Ule uliokuangua hata wewe."

"Mimi sikuanguliwa," Mfalme alisema. "Mimi nilizinduliwa."

"Alizinduliwa," Kasuku alithibitisha, na kwa kuwa mwanamke huyu alionekana hajui sheria, akajisafisha koo ili amsomee kutoka kichwani.

Sasa, Kasuku alipotunga sheria ile alitaka iwe na uzito wa kale, akachota maneno ya wahenga akayatia mwishoni. Na Kasuku, kama ukoo wake wote, hajui kuchukua nusu ya alichosikia. Akikisikia chote, hukisema chote.

"Nyimbo zote ni mali ya Mfalme peke yake," alikariri kwa madaha. "Na kama walivyosema waliotutangulia, mwenye wimbo na aitikie, popote uimbwapo, kwa mvua na kwa jua, na asitume mtu."

Kurumbiza alikuwa amekuja na lundo la maneno machungu, akayameza yote kwa mkupuo mmoja.

"Basi twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwangu. Ukaitikie."

Mfalme akamgeukia Waziri wake.

"Ukaitikie," alisema Kasuku.

Kufuta maneno yale kungekuwa kukiri kwamba nyimbo si zake, kwamba zilikuwepo kabla ya mkia wake, na hilo Mfalme asingelikiri hata kwa dawa. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumwita aimbe. Akanyoosha shingo, akaagiza mkia wake ubebwe na wanne, msafara ukaondoka.

Tawi la Kurumbiza lilikuwa la kuchukua ndege wa kimo chake. Mfalme alipotua, liliinama mpaka wote wakawa wanatazama chini. Kurumbiza akashika ukingo wa kiota akaimba:

*Ganda ni nyumba ya jana,*
*livunje utoke, mwana,*
*mbingu ni pana, ni pana…*

Akanyamaza. Ndani ya yai kubwa kukagongwa, mara moja, mara ya pili, na ufa mwembamba ukatokea. Mfalme akajaza kifua, akafumba macho kwa hisia, akaitikia:

*Mkia wangu waona?*

Ufa ukajifunga.

"Amekataa," alisema Bi Kanga, aliyekuwa hajaona kitu.

"Amepigwa na bumbuwazi," alisema Mfalme. Kunguru akaliarifu yai kwamba liko chini ya ulinzi.

Kurumbiza aliweka sikio. Kugonga kulikuwepo bado, ila kulikuwa kumepungua nguvu. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu aliyokuwa hajawahi kuijua. Akiwaita majirani, Kunguru angewafunga kabla hawajafungua midomo. Akimrudisha Mfalme, mwanawe angerudi ndani zaidi. Ilibaki njia moja, na njia hiyo ilikuwa mdomo wa Bi Kanga.

"Shoga," alisema, "nenda ukawaambie watu. Kuimba si kosa tena. Aimbe kila mtu, mistari mitatu, kisha amwite mwenye wimbo aitikie."

Ubawani kote hapakuwa na habari iliyowahi kusafiri haraka kuliko miguu ya Bi Kanga, wala hapakuwa na uhakika kwamba miguu yake ilikuwa myepesi kuliko mdomo wake. Haukupita muda, msitu ukaanza. Huko bondeni arusi, huku kilimani matanga, kule mtoni watoto wa Bata wanaoga. Mistari mitatu, kisha kimya. Mistari mitatu, kisha kimya. Na ndani ya kila kimya kukatoka sauti ya adabu: "Mtukufu, tunakungoja."

Mfalme alikwenda. Alianza kwa msafara, akaendelea kwa mbio. Aliitikia arusi ya Njiwa, bibi arusi akazimia. Aliitikia bembelezi, na mtoto aliyekuwa amesinzia akahama nchi. Alimtuma Kasuku mahali pamoja tu, akarudishwa: na asitume mtu. Wabeba mkia walibaki njiani, mkia ukaburuzwa wenyewe, ukaachia jicho kwenye mwiba huu na jicho kwenye mwiba ule. Alipokuwa akivuka kijito, Kunguru alimkaribia, kofia mkononi, macho chini.

"Mtukufu, niwie radhi," alisema. "Mama yangu anazikwa leo. Ni mistari mitatu tu."

Hapo maji yalizidi unga. Mfalme alifumbua mdomo mbele ya jeneza la mama wa Kunguru, na hapakutoka hata lile bati. Ulitoka upepo mkavu, kama wa tundu la ufunguo.

Alirudi kwenye mti wa Kurumbiza kwa miguu. Nyuma yake hapakuwa na mkia, palikuwa na mahali pa mkia. Kurumbiza hakuwa ameondoka kiotani. Kugonga ndani ya yai kulikuwa kumebaki kwa mbali sana, na baina ya kugonga na kugonga mtu angeweza kukata tamaa.

"Zichukue," Mfalme alinong'ona. "Zote. Ziwe zako."

"Sizitaki ziwe zangu. Nimekuona ulivyo." Kurumbiza hakumwonea huruma, ingawa baadaye alidhani huenda alimwonea kidogo. "Sema ni za wote. Upesi."

"Ni za wote," Mfalme alinong'ona, na hakuna aliyesikia.

"Ni za wote," akasema Kasuku.

Na kwa kuwa Kasuku hajui kuacha, alilisema tena, na tena, akipita juu ya miti yote, mpaka Kunguru, macho yakiwa bado mekundu kwa msiba, akafungua minyororo ya Kigong'ota.

Kurumbiza aliimba mistari yake mitatu kwa sauti iliyokwaruza, kisha akanyamaza. Bi Kanga, aliyekuwa amekwisha rudi, akawahi: *panzi wapo, wamenona.* Bundi, aliyekuwa akisinzia jirani, akafumbua jicho moja: *usilale, ni mchana.* Watu wakacheka, wengine wakatia yao, na ndani ya kicheko hicho ganda likapasuka. Kikatoka kichwa kilicholowa, kikiwa na mdomo wazi na hasira ya mtu aliyecheleweshwa. Mawili mengine yakafuata.

Ndege wote walikusanyika chini ya tawi, na nyuma kabisa alisimama yule aliyekuwa Mfalme, akijikunyata, kwa mara ya kwanza akisikiliza. Kurumbiza aliinamia kile kichwa kilicholowa, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Mwanangu, nakuahidi mbele ya hawa. Mstari wa nne sitaujaza mimi, wala sitakuchagulia. Utaukuta wazi. Na akitokea mwingine wa kuuziba, awe yeyote yule, tutamwita aitikie mpaka anyonyoke."