Mtungi wa Chumba cha Nyuma

Mtungi haukuwepo.

Tami alipapasa tena kwenye kona, nyuma ya magunia ya viazi vitamu, mahali ambapo mtungi ule ulikaa tangu yeye hajazaliwa. Mkono uligusa ukuta wa udongo, ukagusa vumbi, ukagusa duara laini sakafuni palipozoea kitako chake. Mtungi wenyewe, hakuna.

Ng'ambo ya mlango wa karatasi, bibi yake Ishi alikuwa amelazwa kichwa kikielekea kaskazini, uso umefunikwa kitambaa cheupe. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mapaa ya nyasi tangu asubuhi. Chini kwenye njia ya mawe zilisikika sauti za watu wanaopanda. Mtawa wa hekalu alikuwa anakuja kumsomea marehemu, na hakuwa peke yake.

Katika kitongoji kile kilichobanwa kati ya mlima na bahari, kila mtu alikuwa mtu wa hekalu. Sheria ilitaka hivyo, na hakuna aliyezikwa kabla mtawa hajamsomea kitabu chake. Lakini kila mtu alikuwa pia kitu kingine, kitu ambacho hata mtoto hakuambiwa mpaka aonekane anajua kunyamaza. Wa zamani waliokamatwa nacho walining'inizwa shimoni, kichwa chini, mpaka wakane au wafe.

Kwa hiyo mtu akifa, mambo mawili yalifanyika kwa pamoja. Chumba cha mbele mtawa alisoma. Chumba cha nyuma mtu mmoja alikaa na mtungi wa maji akasema sala zile nyingine, za Kikristo, na maneno ya kitabu, wazee walisema, yaliingia mtungini yakazama. Kisha aliwakumbuka wafu wa kitongoji, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja kwa jina lake la ubatizo na jambo moja la maisha yake. Majina hayo hayakuandikwa popote, maana karatasi ina ulimi. Yalikaa tumboni mwa mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa bibi Ishi, mpaka jana. Leo alikuwa Tami.

"Ukimruka mmoja umemzika mara ya pili," bibi alikuwa akimwambia, wamekaa wakimenya viazi. "Na mara hiyo hakuna wa kumlilia."

"Je, nikisahau?"

"Utasahau ukiogopa. Basi usiogope."

"Bibi, hiyo ni kama kuniambia nitembee mvuani nisilowe."

Bibi kizee alicheka mpaka akakohoa. Siku nyingine Tami alimwuliza, "Na wewe je? Nitasema nini juu yako?" Bibi akaokota kiazi kingine. "Maiti hajisemei, mjukuu wangu. Utaona mwenyewe."

Alikuwa bado hajaona.

Shangazi yake, Sato, aliingia akipangusa mvua usoni. "Tami! Wamefika kwenye kisima. Mtawa yuko na mtu wa ngomeni."

"Wa ngomeni? Anataka nini?"

"Nitajuaje? Ana panga mbili kiunoni, sikumsimamisha nimhoji."

"Shangazi, mtungi uko wapi?"

"Si uko pale nyu—" Sato aliangalia kona, akakatisha. Wote wawili wakausogeza mlango wa karatasi kidogo, wakachungulia.

Mtungi ulikuwa juu ya meza ndogo, kando ya kichwa cha marehemu. Ndani yake yalichomekwa matawi ya kijani ya kumpamba mfu, yamepangwa vizuri, yakichuruzika maji ya mvua. Kando yake alisimama Gohei, mume wa Sato, anaitazama kazi yake kwa kuridhika.

Gohei alikuwa mwenzao katika imani. Alijua kuna anayesali nyuma. Lakini habari za mtungi wanaume hawakuambiwa, ili siku ya shimo mtu awe na machache ya kusema. Yeye aliona chombo kizuri, kina maji tayari, basi.

"Umefanya nini wewe, baba?" Sato alinong'ona.

"Nimepamba. Si mlisema tuonekane watu wa hekalu kwelikweli?"

"Tangu unioe hujashika hata upawa humu ndani. Leo ndiyo umekuwa fundi wa maua!"

"Sasa mbona unaning'ata? Kosa langu liko wapi?"

"Urudishe nyuma. Sasa hivi."

Lakini viatu vya mti vilikwisha kugonga jiwe la mlangoni.

Mtawa Ryokai aliingia kwanza, mzee, pumzi zikimpiga filimbi kifuani. Nyuma yake aliingia yule wa ngomeni kwa mtawala, mtu mwembamba aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Kuwabara. Hakukaa mahali alipotengewa mgeni. Alitazama chumba pande zote, kisha akakaa mgongo wake ukikaribia kabisa mlango wa karatasi. Kutoka nyuma Tami alikiona kivuli cha bega lake. Angenyoosha mkono angeligusa.

"Nani mwingine yumo?" Kuwabara aliuliza.

"Mjukuu tu, bwana mkubwa," Gohei alisema. "Anaumwa tumbo."

"Kala nini?"

"Viazi, bwana mkubwa. Anakula kama anayefukuzwa."

Mtawa aliguna kicheko. Kuwabara hakucheka. "Aje nimwone."

Tami alitoka, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alipoinuka, macho ya yule mtu yalikuwa yakimngoja.

"Ulimpenda bibi yako?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Mbona hulii?"

Tami aliona kwamba kila jibu lina mlango nyuma yake, na kila mlango unatokea shimoni. Mtawa, aliyekuwa akifungua bahasha ya ubani, alisema bila kuinua kichwa, "Wengine hulia wageni wakishaondoka."

Tami alijilazimisha asiutazame mtungi, na kwa kujilazimisha akautazama. Je, maneno ya kitabu yakikosa pa kuzama yataenda wapi? Yatamganda bibi kama matope? Kulikuwa na sufuria jikoni, lakini sufuria ni sufuria. Mtungi ule ulikuwepo kwenye kifo cha kila aliyemo katika ukumbusho. Bibi alimfundisha majina yote. Hakumfundisha la kufanya mtungi usipokuwepo.

Mtawa alichomeka ubani. Mkono wake ulisita hewani. Aliyatazama yale matawi, kisha shingo ya mtungi, kwa muda.

"Nani kaweka maua humu?"

"Mimi, mtawa," Gohei alisema, anatarajia sifa.

"Mtungi huu unavuja."

"Hauvuji, mtawa, mimi mwenyewe nime—" Sato alimfinya pajani, na neno likamalizikia kwenye mguno.

"Unavuja," mtawa alirudia kwa upole. "Utamlowesha marehemu."

Kuwabara aliinama mbele. Alipitisha kiganja chini ya mtungi polepole, akakitazama. Kiganja kilikuwa kimelowa. Yalikuwa maji ya mvua yaliyodondoka kutoka kwenye matawi, lakini maji hayasemi yametoka wapi.

"Kweli, pana maji," alisema.

"Binti, toa hayo maua," mtawa alisema. "Urudishe unapokaa."

Tami aliubeba mtungi kwa mikono miwili. Maji ndani yake yalikuwa yakipiga kingo, tap, tap, kama moyo wa kuku. Alifunga mlango wa karatasi nyuma yake, akaushusha juu ya lile duara, na hapo ndipo lile neno lilipomfikia. *Unapokaa.* Mtawa hakusema "uweke pembeni". Alijua una mahali pake. Basi alijua pia wa kazi gani. Tangu lini? Na nani mwingine amejua, miaka yote hii waliyodhani wamejificha? Hofu ya kwanza haikumtoka. Iliongezewa mwenzake.

Mbele, mtawa alianza kusoma, ngoma ndogo ya mti ikimfuata: tok, tok, tok. Tami akauinamia mtungi na kutembeza midomo. Sala hazikuruhusiwa kubaki moyoni. Ilikuwa lazima zitoke, hata kwa sauti ya pumzi tu. Alizimaliza. Kisha akaanza wafu.

"Jiwani, aliyeleta mbegu ya kiazi ndani ya mkono wa nguo. Marina, aliyenyonyesha watoto wa jirani mwaka wa njaa. Mikeru, aliyeiba kuku mmoja akarudisha wawili. Isaberu, aliyecheka misibani, akasamehewa. Domingosu, aliyeogopa nyoka na bado akalala shambani kulinda mtama. Roku, mtoto, aliyeishi kipupwe kimoja, akapenda kutazama moto. Kata—"

Ngoma ilikatika.

Kivuli cha bega kilikuwa kimeinua mkono. "Nimesikia sauti," Kuwabara alisema.

Mvua pekee ilisikika. Nusu ya jina ilibaki kinywani mwa Tami kama mwiba wa samaki.

"Ni tumbo, bwana mkubwa," Sato alisema. "Likimkata hulalamika."

Kivuli kilisimama. Kikageuka. Vidole vinne vilitokeza kwenye ukingo wa mlango, na mlango ukasogea upana wa kidole. Tami aliona ukucha wa kidole cha kati, safi, umekatwa vizuri. Alifikiria kuumwaga mtungi. Alifikiria kujilaza na kushika tumbo. Mwili haukumtii kwa lolote.

"Kisomo kikifika hapa hakikatizwi," mtawa alisema nyuma ya yule mtu, kwa sauti ya mzee anayejisemea. "Kikikatizwa, marehemu hupotea njia, na humfuata aliyemkatiza mpaka kwake. Sikutishi, bwana. Ndivyo tulivyopokea."

Vidole vilibaki pale. Labda Kuwabara aliogopa. Labda alichoka tu na mvua na harufu ya ubani, akawakumbuka watu wake nyumbani. Hakuna aliyewahi kujua. Vidole viliondoka.

"Endelea," alisema.

Kengele ya mtawa ililia, ngoma ikaanza tena, na Tami akafungua kinywa akakuta hamna kitu.

Katarina. Jina lilikuwepo. Lakini Katarina alifanya nini? Na baada ya Katarina nani? Alitafuta, akakuta giza, na ndani ya giza lile watu wamesimama foleni, hawana nyuso, wanamngoja yeye. *Utasahau ukiogopa.* Ng'ambo ya karatasi mtawa alikuwa akisoma, na Tami, ambaye amesikia kile kitabu kwenye misiba yote ya utoto wake, akatambua kitu. Mtawa alikuwa amefika mwisho wa sehemu, akarudi mwanzo wake. Akafika mwisho. Akarudi tena, polepole zaidi.

Alikuwa akimngoja.

Tami alitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, na katika kutetemeka ilikuwa kama inatafuta kitu cha kushika. Akaiachia. Mkono wa kushoto ukazungusha kiazi kisichokuwepo, wa kulia ukamenya kwa kisu kisichokuwepo, kama kila jioni mbele ya bibi, kiazi kimoja kwa mtu mmoja. Ganda la kwanza likaanguka.

"Katarina, aliyejifungua njiani kwenye theluji, akamleta mtoto ndani ya tenga la kuni. Paburo, aliyegombana na ndugu yake juu ya mtaro wa maji, akamchimbia kaburi peke yake..."

Wakaja. Mmoja baada ya mwingine walitoka gizani, kila mmoja na kiazi chake, hadi yule wa msimu uliopita. Kisha mikono ikabaki mitupu. Alibaki mmoja.

"Gurashia," Tami alinong'ona. Ndilo lilikuwa jina la ubatizo la bibi Ishi. "Gurashia, aliye..."

Aliyelea wajukuu? Wengi wamelea. Aliyecheka mpaka akakohoa? Ni kweli, lakini haikutosha. Mtawa alirudia tena ile sehemu, na safari hii sauti yake ilikwaruza, pumzi zinamwishia. Tami aliushika mtungi shingoni kwa mikono miwili asije akaanguka. Vidole vyake vikateleza mahali fulani, vikatulia.

Kwenye shingo ya mtungi, pande zote mbili, rangi ya kung'aa ilikuwa imekwanguka. Palikuwa na vibonde vidogo, vinne huku, vinne kule, na gumba kila upande. Havikuwa vya kufinyangwa. Vilikuwa vya kushikwa, kwa nguvu, mara nyingi sana, na mtu aliyekuwa akitetemeka pale pale alipokaa yeye. Vidole vya Tami viliingia humo kama mguu kwenye kiatu chake.

Bibi aliyesema usiogope.

"Gurashia," Tami alisema, "aliyeogopa kila mara, na kila mara akaingia chumba hiki."

Kengele ililia mara moja, ndefu. Kisomo kikaisha.

Kuwabara aliondoka kwanza, bila kuaga, akishuka njia ya mawe kwa haraka na mwavuli wa kuazima. Mtawa alizunguka nyuma ya nyumba kunawa mikono. Tami alikuwa pale, ameshika mtungi, tayari kuumwaga. Hawakutazamana.

"Bibi yako alikuwa na sauti ya chini kuliko yako," mzee alisema, akijikung'uta maji vidoleni. "Leo umenitoa jasho."

Tami aliuinamia mtungi. Hakujua kama kujibu ni kukiri.

"Nami kifua hiki hakifiki mbali. Atakayekuja baada yangu ni kijana. Ana masikio mazuri sana." Akavaa viatu vyake vya mti. "Jizoeze."

Akaondoka, akikohoa.

Ndani, Sato alikuwa akimfokea Gohei kwa kwikwi za kilio, na Gohei akisema, "Lakini si mngeniambia? Si mngeniambia tu?" Tami aliumwaga mtungi kwenye matope, mvua ikayachukua maji ya kitabu ikayapeleka chini kwenye bahari. Akaujaza upya kisimani. Akaurudisha kwenye duara lake nyuma ya magunia.

Kisha alichukua kiazi cha kweli na kisu, akakaa alipokuwa akikaa bibi, akaanza upya kwa Jiwani. Alisema kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, halafu ya chini zaidi, mpaka yeye mwenyewe akawa hasikii chochote ila kisu. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka. Aliiacha itetemeke.