Klipu Kwenye Mshipi wa Andongwisye

Jumapili, waliporudi kutoka kanisani, Andongwisye hakungoja hata kuvua koti. Alikwenda barazani, akashusha fimbo yake ya kuvulia kutoka chini ya paa, akaupapasa mwisho wa mshipi. Damu ikamchemka pale pale. Mahali pa fundo lake palikuwa na klipu. Kidude cha waya kinachong'aa, kinachofunguka na kufungwa kama pini ya nepi, na kijiko chake cha kuvulia, chambo cha chuma cha kumhadaa samaki, kimetiwa humo kikaning'inia kama hereni.

"Mama Baraka!" aliita. "Njoo uone uhalifu!"

Elina, mkewe, alitoka ndani, kitenge cha kanisani bado kiko begani. "Kafa nani?"

"Fundo langu limekufa. Nimefunga vijiko kwa fundo tangu sijaota ndevu. Samaki wote wa trauti niliowatoa Mto Kiwira niliwatoa kwa fundo. Leo mtu ananitilia klipu, kana kwamba mimi ni soksi ya kuanikwa!"

"Si mimi."

"Najua si wewe. Wewe hata ukiambiwa uishike hiyo fimbo utashika upande wa kijiko. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu." Akageukia jiko, kibanda cha matofali kilichokuwa ng'ambo ya uwanja, akapaza sauti. "Mwambie huyo aliyebaki nyumbani kwamba vyombo vyangu vya uvuvi haviguswi!"

"Anakusikia, baba Baraka. Kinyala nzima inakusikia."

"Hata hivyo mwambie."

Aliyebaki nyumbani ni Lusungu, mke wa mwanawe Baraka, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwa mila ya Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawasemezani wala hawatazamani usoni. Vijana wa mjini wameiacha. Wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Lakini katika mji wa Andongwisye mila hiyo ilikuwa bado imesimama. Miaka minne tangu Lusungu aletwe kutoka kwao Kyela, kando ya ziwa, mzee huyo alikuwa hajui uso wake vizuri. Alijua kanga zake zikipotelea migombani kila alipokohoa kabla ya kuingia uwanjani. Hata ugomvi ilibidi upitie kwa mtu wa tatu.

Naye alikuwa na hasira ambayo hakuweza kumwambia hata huyo mtu wa tatu. Klipu yenyewe ilikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili ilikuwa hii: mtu hamwekei mwenzake klipu mpaka awe amegundua kwamba mwenzake hawezi tena kufunga fundo.

Ni kweli, hakuweza. Vijiko alivitengeneza mwenyewe kutokana na vijiko vya chai, akikata mpini, akitoboa tundu na kutia ndoana nyuma, na kazi hiyo mikono yake iliifanya kwa mazoea. Lakini uzi wa nailoni ulikuwa umeanza kumpotea vidoleni. Fundo lake lilitaka uzi uzungushwe mara sita, kisha ncha irudi kupita katika kijitundu kidogo kuliko punje ya ulezi, na kijitundu hicho alikuwa hakioni tangu mwaka jana. Miwani hakutaka hata kuisikia. Ukivaa miwani leo, alijisemea, kesho watakushika mkono kukuvusha barabara.

Isitoshe kulikuwa na Baraka, fundi magari Mbeya, ambaye Pasaka iliyopita alitamka mbele ya mama yake: "Baba, siku nikisikia macho yameanza kukusumbua, habari za mtoni ndiyo mwisho. Yale mawe yanateleza. Fimbo nitaondoka nayo mimi." Alisema kwa upole, na upole wa Baraka ulikuwa haurudi nyuma. Mtu kama Andongwisye ukimwondolea mto unambakishia nini? Kukaa barazani akihesabu malori ya majani ya chai.

Kwa hiyo aliikata ile klipu kwa meno, akaitupa bustanini.

Jumatatu asubuhi alikuwa mtoni, chini ya maporomoko madogo, ukungu haujainuka. Alihangaika na fundo mpaka mgongo ukamuuma. Ncha ilikataa kuona njia. Mwishowe vidole vikachoka kumngoja, vikafunga fundo vilivyolijua vyenyewe, lile la kufungia ndama ambalo mtoto wa Kinyakyusa hulijua kabla ya kujua kusoma. Akalivuta. Likashika. Akasema, haya, fundo ni fundo.

Fundo la ndama ni zuri kwenye kamba ya katani. Kamba ina nywele, inajishika yenyewe. Nailoni haina nywele.

Trauti alikuja kijiko kiliporushwa mara ya tatu. Hakuwa wa kuuliza mara mbili: fimbo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji, na samaki akaruka, mgongo mweusi, tumbo la dhahabu, mrefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Andongwisye akapiga kelele peke yake kama mwehu. Alimchosha, akamvuta, akamfikisha kwenye maji mafupi, akawa ameshainama kumshika matamvua. Fimbo ikanyooka. Mshipi ukarudi mikononi mwepesi kama utando wa buibui. Samaki akalala ubavu kidogo, kana kwamba anamtazama vizuri ili amtambue siku nyingine, akaondoka na kijiko mdomoni.

Hakurudi nyumbani. Alipanda pikipiki ya kukodi mpaka Tukuyu, buti zikitiririka maji, akaingia dukani kwa Ahmadi. Ahmadi aliuza misumari, kamba, ndoana na vibatari. Babu yake alitoka Tanga akaja na cherehani, wajukuu wakabaki na duka.

"Uzi wako umeoza!" Andongwisye alisema, akautupa juu ya kaunta.

"Ndaga, mzee wangu. Na wewe umeamkaje?"

"Sikuja kusalimiana. Nimepoteza samaki wa kilo mbili kwa uzi wako mbovu."

Ahmadi akachukua ule mwisho wa mshipi, akauinua kwenye mwanga wa mlango. Aliugeuza taratibu, kama mtu anayekagua noti. "Mzee, uzi ukikatika, mwisho wake huwa mnyoofu. Huu tazama ulivyojikunja, kama mche wa boga unaotafuta mti. Haukukatika huu. Fundo limefunguka."

"Fundo langu halifunguki!"

"Basi samaki kalifungua kwa mikono." Wateja wawili wakacheka. Ahmadi naye akacheka, na katika kucheka akajisahau. "Ndiyo maana mkamwana wako alipokuja kuchukua zile klipu nilimpa zile ndogo ngumu. Alisema kubwa zinakilemaza kijiko, hakichezi majini. Anajua mambo yule! Akasema baba yake siku hizi vitu vya karibu..." Akajiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Vitu vya karibu vimefanya nini?"

"Hakusema vibaya, mzee."

"Nakuuliza, vimefanya nini?"

"Huvioni vizuri," Ahmadi alisema, akitazama misumari yake.

Andongwisye alitoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akisema peke yake nyuma ya kijana wa pikipiki, naye kijana akidhani anaambiwa apunguze mwendo, akapunguza, wakachelewa, hasira ikapata muda wa kuiva. Dukani! Mbele ya misumari na wateja! Mwanamke asiyethubutu kumtazama kisogo amekwenda kuyatangaza macho yake sokoni Tukuyu, na kesho habari itapanda basi kwenda Mbeya na kushukia gereji kwa Baraka.

Aliingia uwanjani bila kukohoa. Elina alikuwa akichambua maharage. Alimwona usoni, akainuka. Andongwisye akampita, akasimama mbele ya mlango wa jiko uliokuwa umerudishwa, akasema, si kwa Elina, si kwa kuku, kwa Lusungu mwenyewe:

"Wewe! Nani kakwambia sioni?"

Ungo wa Elina ukaanguka. Maharage yakatawanyika uwanja mzima na hakuna aliyeinama kuyaokota.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta, sauti ya chini ambayo mzee hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake, ikimtaja kwa wingi kama heshima inavyotaka. "Hakuna aliyeniambia, baba. Nilikuwa nikifagia barazani nikaona mafundo yenu. La mwaka juzi lilikuwa zuri. Haya ya mwaka huu yanasikitisha."

"Yanasikitisha!" Andongwisye alimgeukia mkewe. "Umesikia?"

"Nimesikia," Elina alisema. "Na leo umeongea na mkweo, na mbingu haijaanguka. Endeleeni. Mimi naokota maharage yangu."

"Na Baraka?" aliuliza, sasa sauti imeshuka yenyewe. "Umekwisha kumwambia Baraka?"

"Sijamwambia. Nilinunua klipu ili nisimwambie."

Jibu hilo lilimkasirisha Andongwisye zaidi. Akakaa juu ya kigogo cha kuni, mgongo ukiegemea ukuta wa jiko, maana kusimama kuutazama mlango lilikuwa kosa juu ya kosa. "Mimi klipu sitaki," alisema hatimaye. "Klipu ni ya mtu mvivu."

"Basi fungeni la kwetu. Bibi yangu alikuwa kipofu kabisa, na ndoana za nyumba nzima alizifunga yeye. Uzi mnao?"

"Ninao," alisema, akitoa kijiko kingine mfukoni.

"Fumbeni macho."

"Nifumbe macho niambiwe na mkamwana!"

"Mkifumbua mtalitafuta kwa macho, na macho ndiyo yanayowadanganya. Mimi nami siwaoni hapa nilipo. Tuko sawa."

Alifumba. Aliguna kila hatua, lakini alifumba. Sauti ya nyuma ya ukuta ikamwambia aukunje uzi uwe mara mbili, akisukume kitanzi katika tundu la kijiko. Tundu lilikuwa kubwa, kitanzi kikapita. Afunge fundo la kawaida, kama la mfuko wa chumvi, asilikaze. Halafu kitanzi kile kilichobaki akivalishe kijiko kizima, kukipitishia juu kama mtoto anavyovalishwa shati. Alowanishe kwa mate. Avute.

"Pitisheni chini ya mlango nilione."

Akapitisha. Akasikia uzi ukivutwa ndani, mara moja, kwa nguvu ya mtu aliyekulia kwenye nyavu. Kijiko kikarudi peke yake kikiteleza sakafuni, uzi ukafuata nyuma.

"Hilo mmesahau mate, baba. Hata dagaa angewaacha."

Elina alicheka akiwa amepiga magoti kwenye maharage. Andongwisye akafura, akataka kusimama, akataka kuitupa fimbo na kijiko na mila zote pamoja. Kisha akafumba macho tena. La pili alilivuta Lusungu kwa ndani na yeye kwa nje, kila mmoja amekaza mguu, mpaka mlango ukagonga fremu yake, na fundo halikusogea.

"Hilo linakwenda mtoni," Lusungu alisema. "Ila kuanzia sasa mvulie pale penye mchanga. Kwenye mawe ya maporomoko msirudi. Mkirudi, Baraka namwambia."

"Sasa unanipangia na mahali pa kukanyaga?"

"Ndiyo, baba."

Andongwisye alinung'unika muda mrefu kuhusu wanawake wa ziwani na jeuri yao, na mchanga wenyewe ambao hauna samaki wa maana. Kisha akachagua kijiko kingine, akakata uzi mpya, akaupitisha mdomoni kuulowanisha.