Saksafoni Iliyopotea Upande wa Kushoto

Mkunga alikuwa na santuri mia tatu na arobaini za jazi, na hakuna hata moja aliyoirithi. Zote alizitafuta mwenyewe katika miaka thelathini na miwili ya kazi yake wodi ya wazazi, mojamoja, kama kuku anavyodonoa punje. Alizipanga wima kwenye rafu ya chumba cha mbele kwa kufuata mwaka wa kurekodiwa, na ole wake mgeni aliyechomoa moja akairudisha pasipo pake. Wauguzi wenzake walimwita Bi Santuri. Hakukasirika.

"Wengine hukusanya maneno ya watu," aliwaambia. "Mimi nakusanya santuri."

Alizozipenda zaidi ni zile za matoleo mapya, ambapo mafundi huirudia kanda ya kwanza kabisa ya studio, wakaisafisha, wakaichapa upya kwenye santuri nzito isiyo na mkwaruzo. Tena alitaka za stirio, zinazogawa sauti kushoto na kulia, siyo mono. Na kwa kuwa alikaa ghorofani, kuta zenyewe nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole, alisikiliza kwa hedifoni.

Aliyeweza kubishana naye kuhusu jazi alikuwa mmoja tu: shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kinyozi. Huyu alikuwa na santuri themanini, kuukuu zote, na mashine ya zamani ya spika moja juu ya kabati la taulo pale saluni kwake.

"Hizo zako wameziosha mpaka zimechuja rangi, shemeji," alikuwa akimwambia.

"Na zako zinachacharika kama mafuta ya kukaangia. Halafu mashine yenyewe chongo!"

Mwaka aliostaafu, Mkunga aliugua homa kali. Homa ilimwacha, ila haikuondoka mikono mitupu: sikio la kushoto lilikufa. Daktari alimwambia kwa upole kwamba halitarudi. Mkunga, aliyewahi kuwapasha watu habari nzito kuliko hiyo, akashukuru, akaenda zake nyumbani. Moyoni alijifariji kwamba masikio ni mawili. Moja likilala, jingine lipo macho. Sauti itapungua nusu, basi.

Asubuhi ya kwanza aliyojisikia na nguvu, alichomoa santuri aliyoipenda kuliko zote, ya wapigaji wanne: saksafoni, piano, besi na ngoma. Akaifuta vumbi kwa brashi, akavaa hedifoni, akashusha sindano. Ngoma zikaanza. Besi ikaingia. Piano ikaitikia. Akaingoja saksafoni. Akangoja tena. Piano iliendelea kumjibu mtu asiyekuwepo, kama jirani anayeongea na simu nawe unasikia maneno yake tu.

Hakuhitaji kuambiwa. Miaka ile stirio ilikuwa ngeni, na mafundi wa studio walipenda kuwatenganisha wapigaji: huyu kushoto kabisa, wale kulia kabisa. Saksafoni yote ilikuwa kushoto. Akaigeuza hedifoni, upande wa kushoto ukaja kulia. Saksafoni ikarudi, tamu vilevile, lakini sasa ilikuwa peke yake. Wale watatu ni kama wametoka nje na kufunga mlango. Akageuza tena. Akageuza tena. Mwishowe alizima mashine akakaa akiitazama rafu yake, stirio tupu, fahari yake ya miaka yote.

Hakumwambia mtu. Wiki tatu hakugusa santuri. Wiki ya nne akampigia simu Kinyozi.

"Njoo uzichukue."

"Nichukue nini?"

"Santuri. Zote. Mimi nimechoka nazo."

Kinyozi alidhani anataniwa, lakini kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua saluni, alifika na makasha matupu. Alimkuta shemeji yake ameketi kwenye kochi, anakunja magazeti ya kufungia. Akaketi kushoto kwake, akaanza uchokozi wake wa siku zote.

"Niambie ukweli, shemeji. Umepata mchumba asiyependa jazi?"

Tangu aolewe kwenye ile familia, utani kama huo haukuwahi kupita bila kujibiwa. Mkunga aliendelea kukunja gazeti. Kinyozi akarudia, kwa sauti zaidi. Mkunga akachukua gazeti jingine, likichakarika karibu na sikio lake zima. Hapo Kinyozi akainuka, akazunguka kochi, akaketi kulia.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

"Tangu lini nini?"

"Kutwa nzima mimi nashika masikio ya watu, shemeji. Usinifiche."

Gazeti likamdondoka Mkunga. Akamweleza yote: homa, daktari, saksafoni iliyopotea, hedifoni aliyoigeuza mpaka waya ukajisokota. Kinyozi hakumpa pole. Alikwenda kwenye rafu, akaitafuta ile santuri ya watu wanne mpaka akaipata.

"Hii hata mimi ninayo," alisema.

"Najua unayo. Ina mikwaruzo kama mgongo wa mamba."

"Vaa viatu twende."

Saluni walimkuta Mwalimu, mteja wa kila wiki, akisubiri mlangoni. Kinyozi akamketisha, akamfunga shuka shingoni, akampaka povu shavu moja, halafu akamwacha hivyohivyo akaenda kwenye kabati la taulo.

"Na mimi je?" Mwalimu aliuliza.

"Ndevu zako zitangoja, Mwalimu. Haziendi popote."

Santuri ya Kinyozi ilikuwa ya chapa ya kwanza, ya mono. Zamani hizo rekodi moja ilitolewa kwa namna mbili: stirio kwa wachache wenye mashine mpya, na mono kwa wengine wote, wapigaji wakiwa wamechanganywa pamoja, hakuna wa kushoto wala wa kulia. Sindano ikashuka. Kwanza ulisikika ule mchacharisho. Kisha zikaja ngoma, besi, piano. Na juu yao, kutoka spika ileile moja, saksafoni ikaingia.

Mkunga alishika ukingo wa kabati.

"Yupo," alisema.

"Nani?" Mwalimu aliuliza.

"Wote. Wote wapo."

Alilia bila kujificha, taulo la saluni mkononi, na upande wa kwanza ulipokwisha alisema neno moja tu: "Geuza." Kinyozi akageuza. Povu lilimkaukia Mwalimu shavuni, lakini hakulalamika. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kugonga sakafu.

Mchana ule Kinyozi alimpeleka, hedifoni mkononi, kwa fundi wa redio wa mtaa wa pili, dada mwenye miwani ya kukuzia vitu. Dada akaziunganisha nyaya za pande mbili za hedifoni, chochote cha kushoto kikawa kinasikika na kulia pia.

"Kazi ya dakika kumi, mama," alisema. "Mbona hukuja mapema?"

Mkunga alifikiri amdanganye, akaghairi. "Niliona haya," alisema.

Makasha yalirudi saluni matupu. Lakini Mkunga hakusikiliza tena kama zamani. Ile asubuhi mbaya, saksafoni ilipokosekana, sikio lake lilikuwa limekamata kitu ambacho kwa miaka yote hakikuwahi kumshughulisha: mpiga besi. Sasa hata saksafoni ikipaa namna gani, sikio lilishuka lenyewe kumtafuta yeye. Mpiga besi huyo aliwatangulia wenzake kidogo tu, kama mtu anayewashika mkono kuwavusha barabara. Jina lake lilikuwa nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo za mwisho.

Akalinakili kwenye karatasi, akaenda kwa muuza santuri.

"Huyu?" muuzaji alishangaa. "Watu wote huulizia wa saksafoni."

"Hata mimi nimemuulizia miaka thelathini. Sasa namtaka huyu. Na kama kuna toleo jipya la mono, niletee hilo kwanza."

Muuzaji aliingia stoo akakawia. Alipotoka, vumbi likiwa limemjaa mpaka kwenye nyusi, alikuwa na tatu, na mbili kati ya hizo za mono. Mkunga hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja saluni, akavuta kiti karibu na spika, akakiweka ili sikio lake la kulia liielekee. Kinyozi alisoma jalada la kwanza, akaligeuza, akalisoma tena.

"Mbona simjui huyu?" aliuliza.

"Zima hiyo mashine ya kunyolea," Mkunga alimwambia. "Kaa hapa, nikutambulishe."