Kikosi cha Namba Nne

Kinyozi Tibbets alifungua duka lake asubuhi ya Jumanne, akamwaga maji ya jana barabarani, na alipoinua macho akakuta farasi watatu wamesimama mbele ya mlango, wametandikwa, wanamtazama yeye. Farasi wenyewe walikuwa wakavu. Matandiko ndiyo yaliyokuwa yakichuruzika maji, ingawa mvua haikuwa imenyesha Nebraska nzima tangu Julai. Tibbets aliwafunga kwenye nguzo akarudi ndani kunoa nyembe. Mteja wake wa kwanza aliuliza kama wanauzwa.

Jioni iliyotangulia, Tibbets alikuwa amemwambia Lovina Pruitt kwamba siku ile ya Kijito cha Mierebi yeye alishika farasi.

Katika mji ule hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Kikosi cha wapanda farasi kikiamriwa kushuka, watu huhesabu moja hadi nne, na wa nne hubaki nyuma na hatamu za wenzake watatu, huku wao wakienda mbele na bunduki. Namba nne hapigi mtu. Kazi yake ni farasi tu.

Lovina alikuwa mshonaji, na alikuwa akiuliza watu tangu majira ya kuchipua. Mji mzima ulijua alikotoka. Asahel Pruitt alikwenda kujitolea vitani hana mtoto, akarudi na binti mdogo wa Kicheyenne, kabila la wenyeji wa nchi ile, ndani ya koti lake, akasema amemwokota njiani. Yeye na mkewe walimlea vizuri, na mke alipofariki, baba na binti walibaki wawili wakielewana. Lovina hakuwa na nia ya kumshtaki mtu. Alitaka kujua mama yake aliangukia wapi siku ile kikosi kilipowavamia Wacheyenne. Kijito cha Mierebi ni kirefu na kina kona nyingi. Alikuwa amekitembea chote akarudi bila kulia, kwa sababu hakujua alilie kona ipi.

Mwaka ule wazee wa kikosi walikuwa wakikusanya historia ya utumishi wao ili isomwe siku ya kuzindua jiwe la kumbukumbu, kwa hiyo Lovina aliona kumbukumbu zitakuwa karibu. Akamfuata mwokaji, akamfuata seremala, akamfuata shemasi wa kanisa. Kila mmoja aliinamisha macho akasema alikuwa namba nne. Kesho yake kila mmoja aliamka na farasi watatu. Halmashauri ya mji ilikaa kikao juu ya mavi, ikapitisha kwamba farasi wasifungwe mbele ya kanisa. Bi Orpha, mjane aliyeuza shayiri, hakuwahi kupata biashara nzuri namna ile.

“Wote mlishika farasi,” aliwaambia wateja wake huku akipima. “Sasa aliyefyatua risasi nani, upepo?”

Walicheka, wakabeba magunia yao wakaenda.

Petter Haugen, mzee mwingine wa kikosi, naye alimwambia Lovina kwamba alishika farasi. Taya lake lilikuwa limepinda tangu asubuhi ile ya kijito, kwa teke la mmoja wa farasi aliowashika. Kesho yake Lovina alikwenda kwake alfajiri, wakakaa barazani wakinywa kahawa hadi jua likawa kali, na hakuna farasi aliyekuja. Petter alinuna kidogo. Alihisi ameonekana mwongo mbele za watu.

“Mimi nilishika kweli, binti.”

“Najua. Ndiyo maana hawaji.”

Basi akamweleza alichokiona kutoka juu ya kilima. Aliona moshi. Baadaye aliwaona wenzake wakipanda kurudi, hawasemezani, wamelowa hadi kiunoni, na walipokalia matandiko nayo yakalowa. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumwambia. Alimshauri amuulize aliyeshuka.

Lovina alikuwa amembakiza mtu mmoja. Asahel hakuwahi kusema kwamba alishika farasi, wala kwamba hakushika. Wenzake wakianza hadithi za vita, yeye alitoka kwenda kupasua kuni. Binti yake alikuwa ameuhesabu ukimya huo kuwa uungwana, na ndiyo sababu alimwacha wa mwisho, kama mtu anavyoacha kipande kizuri cha nyama pembeni ya sahani.

Siku moja kabla ya uzinduzi, baada ya maharage na mkate wa mahindi, Asahel alikuwa mezani aking'arisha vifungo vya koti la jeshi.

“Baba, uliniokota wapi?”

“Njiani. Si nilishakwambia?”

“Mtoto wa umri ule hatembei njiani peke yake, baba. Nilikuwa na mama.”

Aliendelea kusugua kifungo ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

“Sikuulizi ulifanya nini,” Lovina alisema. “Nionyeshe mahali tu. Nitakwenda, nitarudi, nitakupikia kama siku zote.”

Asahel alifungua mdomo. Alitaka kusema, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini alimtazama yule binti, mtu pekee aliyebaki naye duniani, na woga ukamshinda.

“Nilishika farasi, mwanangu.”

“Haya, baba,” Lovina alisema, akaondoa vyombo.

Asubuhi walikuwa uani, watatu, matandiko yanachuruzika. Lovina aliwapeleka kunywa maji, na alipofika nao kisimani akalia, kwa sababu sasa alijua kwamba baba yake alishuka, kwamba mahali anapafahamu, na kwamba atakufa bila kumwonyesha.

Asahel alitoka amevaa koti ambalo halikufungika tena tumboni. Aliwatazama farasi. Hakumtazama binti yake.

“Nishikie kidogo, mwanangu. Haitachukua muda.”

Akashika. Alisimama nje ya ukumbi wa uzinduzi, miongoni mwa farasi waliopangwa hadi kituo cha reli, na kupitia dirishani akamsikia kapteni wa kikosi akisoma historia yao. Kikosi kiliundwa kwa watu wa hiari. Kililinda barabara ya magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi. Kilipigana kwa ushujaa katika Mapigano ya Kijito cha Mierebi, ambako hakikupoteza mtu. Watu wakapiga makofi.

Petter Haugen alitoka kabla ya dua ya kufunga. Alimkuta pale jua kali, maji yakidondoka kutoka kwenye matandiko na kufanya tope miguuni pake.

“Na baba yako pia?”

“Na baba.”

Petter alinyoosha mkono. “Nipe mimi. Nimezoea.”

“Hapana,” Lovina alisema. “Nimeambiwa nishike mimi.”

Akahamishia hatamu mkono wa pili. Ndani walikuwa wameanza kuimba.